Je, Mna Risasi Humu Ndani?

Wivu wa Akot haukuanzia Katwe. Ulianzia mezani, katika ofisi ya kutathmini miradi ya serikali kule Ntinda, Kampala, ghorofa ya tatu juu ya duka la dawa, asubuhi ile Mzee Obita alipocheka. Akot alikuwa amefanya kazi chini ya mzee huyo miaka kumi na mmoja. Alishamwona akikunja uso, akisinzia, akipiga meza, hata akitoa shukrani kwa kunung'unika, lakini kucheka hakuwahi kumwona. Akaja huyu Hortense Mugisho, mtu wa Bukavu kule Kongo, ameajiriwa kwa mkataba wa miezi sita kama mkalimani, akasema maneno matatu tu kuhusu lifti mbovu ya jengo, na mzee akacheka mpaka akashika mbavu. Akot alitabasamu kwa heshima. Moyoni akajiambia: haya, tumeshaingiliwa.

Na kweli waliingiliwa. Miezi sita ikawa mwaka, mwaka ukawa mitatu, na mkalimani akawa mtathmini kamili. Aliyemfundisha kazi ni Akot huyohuyo. Alimfundisha jinsi ya kuchagua nyumba za kuhoji bila kupendelea zile zilizo karibu na barabara. Alimfundisha kutofautisha kilichofanyika na kilichobadilika, maana miradi ya serikali hupenda kuhesabu malori na kusahau kuuliza malori yalimsaidia nani. Alimfundisha kwa moyo mweupe, akidhani anapata msaidizi, kumbe alikuwa analea mshindani.

Kilichomkera zaidi ni kwamba hakupata pa kumshikia. Hortense alimwita dada. Hortense alikumbuka kwamba dada hanywi chai ya maziwa. Mtu mbaya ungemchukia ukapumzika. Huyu alikuwa mwema, na wema wake ulimchosha Akot kuliko ubaya wa watu kumi. Usione mtu anatabasamu ofisini ukadhani roho yake imetulia. Ya Akot ilikuwa inatokota.

Mwezi wa sita Mzee Obita akawaita wote wawili. Alisema Desemba anastaafu, na kwamba bodi imemwomba jina moja la kukalia kiti chake. "Jina hilo litatoka katika kazi ya Katwe," akasema. "Sitaki maneno. Nataka ripoti."

Kazi ya Katwe ilikuwa hivi. Kwa miaka mingi, katika mtaa huo wa mafundi, nyuma ya karakana za bati na chuma, palikuwa na uwanja uliovunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha risasi iliyomo ndani, yale madini mazito ya kijivu. Moshi uliondoka, sumu ikabaki ardhini, na watoto wa jirani wakaanza kuugua. Serikali ikaufunga uwanja. Chini ya mpango ulioitwa Ardhi Safi, udongo ulichimbwa hadi kufika kiunoni mwa mtu mzima, ukapakiwa kwenye malori na kuondolewa, ukaletwa udongo mpya, ikawekwa fensi, zikapandwa nyasi. Utepe ukakatwa na watu wakapiga makofi. Sasa serikali ilitaka kwenda kusafisha viwanja vingine sita kwa mtindo uleule, ila kwanza ilitaka kujua: je, ule wa kwanza ulifaa kitu?

Mzee Obita aligawa kazi. Hortense apime udongo, Akot ahoji watu. Na ili apime udongo, Hortense alikabidhiwa kipimo cha mkono, kifaa kipya kilichokuwa na kitako na kifyatulio kama bastola kubwa. Unakielekeza chini, unabonyeza, kinakusomea papo hapo kiasi cha risasi kilichomo. Ofisi nzima ilikizunguka kama bibi harusi. Akot, aliyehoji nusu ya nchi hii kwa karatasi na kalamu, aliangalia dirishani akajifanya anatafuta mvua.

Basi akasema moyoni, yeye ana bunduki yake, mimi nina ulimi wangu. Maana watu wa kuhojiwa walikaa ubavuni mwa fensi, katika vyumba vya kupanga vilivyojaa familia za askari polisi, wengi wao wa kaskazini kama yeye, na Wakongo waliokimbilia Kampala. Lugha iliyowaunganisha ni Kiswahili. Na Kiswahili, kabla ya Hortense, kilikuwa mali ya Akot ofisini pale. Alizaliwa kambini, baba yake alikuwa sajini, cha jeshi alikijua tangu utotoni. Halafu akaenda Tanzania mwaka mzima kujifunza kile cha vitabuni. Barua zote za Kiswahili zilipita kwake. Kisha akaja mtu wa Bukavu anayekiongea huku akila, huku akicheka, huku akiota, na watu wakaanza kumuuliza yeye.

Akot alijifungia ofisini akaandika dodoso peke yake. Maswali kumi na mawili, akataka yote yaenee kwenye karatasi moja, upande mmoja, yapendeze. La saba lilimsumbua. Mwanzoni lilisema: "Je, katika nyumba hii au katika udongo unaoizunguka, kuna madini ya risasi yaliyotokana na kuyeyushwa kwa betri?" Lilikuwa refu, likaruka mstari, likasukuma la kumi na mbili kwenda ukurasa wa pili. Akaondoa betri. Halikutosha. Akaondoa madini. Likabaki hivi, safi, mstari mmoja: "Je, mna risasi humu ndani au uani?" La nane lililifuata kwa adabu: "Je, mlipokea udongo wenye risasi kutoka uwanjani?" Akalisoma kwa sauti, akapenda linavyotamkika.

Hortense akagonga mlango. "Dada Akot, naomba niyaone maswali kabla hayajaenda kuchapwa. Mtu mwenyewe hawezi kuona pale alipojikwaa."

"Yameshachapwa," Akot akasema.

Hayakuwa yamechapwa. Yalikuwa palepale mbele yake yanang'aa kwenye kompyuta, na alipokuwa akisema hivyo aliigeuza kidogo ili mwenzake asione. Hortense alisema sawa dada, akafunga mlango polepole.

Halafu kuna jambo la pili, na hili ni baya zaidi kwa mtu wa kazi ile. Dodoso lolote hujaribiwa kwanza. Unalipeleka kwenye nyumba kumi, unasikiliza watu wanavyolielewa, unarekebisha. Katika ratiba, aliyepangwa kusimamia majaribio ni Hortense, kwa sababu ya lugha. Akot akayafuta. Kwenye safu ya sababu akaandika: muda haukutosha. Muda ulikuwepo, wiki nzima. Kisichokuwepo ni moyo wa kumwona yule mwanamke akitia kalamu nyekundu kwenye Kiswahili chake.

Wahoji wanne walikwenda Katwe wakauliza kama walivyoandikiwa. Nyumba zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Mia mbili na kumi na moja zilijibu hapana, hakuna risasi; tatu zilikataa kufungua mlango. Akot alipoona zile namba alisimama akazunguka meza yake mara mbili kwa furaha. Mtathmini aliyepevuka angeziogopa. Yeye mwenyewe alikuwa akiwaambia vijana kwamba watu mia mbili hawawezi kukubaliana hata leo ni siku gani. Lakini wivu ukishakaa kichwani hauachi nafasi ya kitu kingine, na Akot aliandika kwa herufi nene kwamba Ardhi Safi umefanikiwa na wananchi wenyewe ni mashahidi. Mzee Obita alisoma, akanung'unika ule mnung'uniko wake wa shukrani. Akamwambia Akot ndiye atakayesimama mbele ya kamati Alhamisi.

Jumatatu Hortense akaja na ramani.

"Uwanja ni safi, dada," akasema. "Safi kabisa. Lakini nimepima vibaraza vya vile vyumba, sitini. Arobaini na sita vina risasi. Tena nyingi, kama uwanja ulivyokuwa kabla ya kusafishwa."

Akot alihisi mtu ametia mchanga kwenye kitumbua chake akiwa ameshakifikisha mdomoni. "Nani alikutuma upime vibaraza? Kazi yako ilikuwa uwanja."

"Kulikuwa na mtoto anatambaa. Nikaona tu nipime alipokuwa."

Unaona? Hata jibu lake lilikuwa zuri. Akot angependa angalau mara moja mwanamke huyu ajibu vibaya. Akamwomba karatasi za ukaguzi wa kipimo, maana kifaa kile lazima kikaguliwe kila asubuhi kabla ya kazi na aliyekikagua atie sahihi. Alizipitia moja moja kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele, na jiwe akalipata. Siku ya pili haikuwa na sahihi. Siku hiyohiyo ndipo vilipopimwa vibaraza vyote.

"Nilikikagua," Hortense akasema, uso umembadilika. "Nilisema nitasaini jioni, nikasahau."

"Sijasema kitu," Akot akajibu. Alitoa nakala ya karatasi ile akaiweka kwenye faili lake. Mchana alimwonyesha Mzee Obita, kwa sauti ya mtu anayesikitika. Mzee aliikodolea macho. Akasema kama ni hivyo, vipimo vya vibaraza havina nguvu, na akiulizwa Alhamisi aseme hivyo.

Ungedhani ametosheka. Hakutosheka, alitaka amkamate mwenzake kwenye kosa lenyewe, hadharani, mbele ya watu wa Katwe. Kwa hiyo Jumanne asubuhi akasema waende wote wawili, Hortense apime tena, yeye aulize tena.

Katwe ilikuwa imeshaamka zamani. Nyundo zilikuwa zinagonga masanduku ya bati, mahali fulani mtu alikuwa anachomelea geti, na nyuma ya yote hayo uwanja uliosafishwa ulilala kijani ndani ya fensi yake, bila mtu hata mmoja. Ubavuni mwake ndiko vilikoanza vyumba, safu mbili zinazotazamana. Akot alikuwa hajafika pale tangu kazi ianze. Wahoji walikuwa wanamletea karatasi ofisini. Aliona kwamba kila mlango ulikuwa na kibaraza kilichoinuliwa shibiri moja au mbili, udongo wa kijivu uliopigwapigwa ukashikana. Hortense akaenda mwisho wa safu na kipimo chake. Akot akasimama kwenye mlango wa kwanza.

Mwanamke aliyekaa hapo alikuwa anachambua maharage, mtoto wa kike wa mwaka hivi akiwa amekaa juu ya kibaraza karibu yake. Jina lake Mama Otim, mke wa konstebo. Alimtazama Akot, halafu akamwona Hortense kule mbali amechuchumaa na kile kifaa mkononi, na ungo ukamtoka.

"Nyinyi tena!" akasema. "Na leo mmekuja na bunduki kabisa!"

"Hapana, mama, usiogope. Mimi natoka tathmini. Nataka kukuuliza tena lile swali la risasi."

"Si nilijibu ile kijana? Hapa hapana risasi! Bwana yangu iko polisi miaka kumi na tano. Akitoka kazi anarudisha bunduki, anarudisha risasi, wanahesabu moja moja, anaweka sahihi. Hata moja haijawai kuingia kwa hii nyumba. Nani ametusema huko? Nani?"

Akot akaitazama karatasi yake, swali la saba.

Mtoto wa sajini! Mwingine angelikosea neno hilo akasamehewa. Mtu wa vitabuni, sawa. Lakini yeye aliyekua akimwona baba yake akirudi kutoka lindo, amelisikia neno lile kila jioni ya utoto wake, na halikuwahi hata siku moja kumaanisha madini. Alikuwa ametuma vijana wanne na karatasi kwenye milango ya mapolisi kuuliza nani ameiba risasi za serikali, akashangilia walipokana.

"Mama," akasema, "huu udongo wa kibaraza mliutoa wapi?"

"Hii mchanga? Hii ya serikali. Walikuwa wanachimba huko kwa fensi, loli inajaa, inatoka. Sisi maji ya mvua inaingia kwa nyumba kila siku. Tukaomba dereva, akasema chukueni, ni ya bure, safari inakuwa fupi. Watu wote hapa walichukua, tukapandisha mlango. Sasa maji haiingii tena."

"Mbona hukumwambia kijana?"

"Aliuliza udongo yenye risasi. Risasi itatoka wapi kwa udongo? Hapa hapana vita."

Jirani alikuwa ametoka mlangoni kusikiliza, Mkongo mmoja aliyeitwa Rosalba, msusi wa nywele, kitana bado kipo mkononi. "Mimi njo sikufungua kabisa," akasema. "Sisi tulikimbia risasi kule kwetu, mama. Mtu anasimama kwa mlango na makaratasi anauliza kama niko na risasi, nitamujibu nini? Sikulala siku tatu. Nilifikiri banatutafuta."

Akot akainama, akachukua punje ya udongo wa kijivu, akawaonyesha. "Sikuuliza ya bunduki. Niliuliza ile ya ndani ya betri. Ile nzito."

Wanawake wakatazamana.

"Plomb!" akasema Rosalba.

"Ledi!" akasema Mama Otim, na akacheka kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyeshushiwa mzigo. "Sasa si ungesema ledi? Ledi iko mingi! Mvua ikinyesha inang'aa hapa, watoto wanaokota, wanauza kwa mafundi. Kumbe mlikuwa mnauliza ledi!"

Mtoto wa kike alikuwa amechovya vidole kwenye ufa wa kibaraza, akavitia mdomoni. Akot alimwangalia mpaka mama yake akaacha kucheka.

"Ni mbaya?"

"Mtoe hapo, mama. Na umnawishe hivyo vidole."

Mama Otim alimnyakua mtoto. Halafu akasema, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba yule mkubwa, Otim, tumbo linamuuma tangu mwaka jana, na mwalimu anasema ameanza kusahau hata kusoma, na alikuwa anasoma vizuri. Aliuliza kama hiyo nayo inatoka kwa ledi. Akot alimwambia ampeleke hospitali akapimwe damu, ataje ledi, asiseme neno lingine.

Hortense akaja akipangusa magoti. "Dada, vilevile. Viko juu sana. Na wao wanasemaje?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Sentensi moja tu. Lakini Akot alimwona Hortense akisimama mbele ya Mzee Obita, akieleza kwa ile sauti yake laini kwamba dada alikosea neno, neno la Kiswahili, na mzee akicheka.

"Wanasema kama walivyosema," akajibu, akatangulia kwenye gari.

Siku mbili alikaa na jambo lile. Alijipoza kwamba amemwonya Mama Otim, na Mama Otim atawaambia wenzake. Alijiambia kwamba kwenye ukurasa wa thelathini na moja ataongeza sentensi kuhusu changamoto za lugha. Aliiongeza kweli, kwa maneno ambayo hata mwenye kuyaandika asingejua yanasema nini. Wivu ulimwambia kila alichotaka kusikia, na yeye aliusikiliza kama redio.

Alhamisi kamati ilikaa. Watu saba, katibu na kompyuta yake, maji ya chupa. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mwembamba asiyependa kurudia maneno. Akot aliwasilisha. Namba zake zilikaa vizuri ukutani, mia mbili na kumi na moja, na mmoja wa wajumbe akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nyuma yake, pembeni ya Mzee Obita, alikuwa ameketi Hortense, mikono mapajani.

"Nina swali moja," mwenyekiti akasema. "Wananchi wanasema hakuna risasi. Kiambatisho cha mwisho, vipimo vya vibaraza, kinasema ipo. Wote wawili hawawezi kuwa sawa."

Mzee Obita alikohoa kikohozi cha kumkumbusha. Akot alikuwa na ile nakala isiyo na sahihi chini ya kiganja chake. Ilikuwa ni kuinua mkono tu, kuisukuma mbele, kusema kwa masikitiko kwamba kipimo hakikukaguliwa. Hortense angekwisha mchana huohuo. Akot aliitaka ladha hiyo, tusimfiche. Aliitaka kama mtu mwenye njaa anavyotaka nyama.

"Nauliza kwa sababu," mwenyekiti akaendelea, "kama vibaraza ni safi, uwanja wa pili unaanza mwezi ujao kwa utaratibu uleule. Nina barua hapa. Wakazi wa kule wameshaomba wapewe ule udongo wa kuchimbwa, wajazie nyumba zao."

Kiganja cha Akot kikabaki palepale juu ya karatasi. Aliona milango mingine mia mbili, na watoto wa kila mlango.

"Wananchi walisema kweli, Mheshimiwa," akasema. "Na vipimo vinasema kweli. Kilichosema uongo ni swali." Akalisoma swali la saba kama lilivyoandikwa. Akaeleza waliohojiwa ni akina nani, waume zao wanafanya kazi gani, na wengine walikimbia nini. Akaeleza malori yalipeleka wapi udongo. Mjumbe mmoja alianza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akameza.

Mwenyekiti aliandika kitu. Hakuinua kichwa. "Uwanja wa pili usimame. Vibaraza vyote vya Katwe vichimbwe, na watoto wapimwe damu kabla ya mwisho wa mwezi." Kisha akaweka kalamu. "Sasa niambieni. Swali hili aliliandika nani?"

Kabla Akot hajavuta pumzi, kiti kilisukumwa nyuma yake.

"Tuliliandika pamoja, Mheshimiwa," Hortense akasema. "Mimi ndiye mtu wa lugha katika timu. Kama kuna lawama, ni yangu sawa na yake."

Minong'ono ya kukubali ikapita mezani, ile minong'ono laini ambayo watu huwapa wenye roho nzuri. Mzee Obita alimtazama Hortense kama baba. Na Akot, aliyekuwa ameanza kujisikia mwepesi kidogo, akageuka kumtazama. Hata hili? Kicheko cha mzee amechukua. Kipimo amechukua. Kiti, kwa namna mambo yanavyokwenda, anakichukua kesho. Akot amebakiwa na kosa moja, la kwake, alilolifanya kwa mikono yake mwenyewe na kulisema kwa kinywa chake mwenyewe, na huyu mwanamke amesimama na wema wake kulikata vipande viwili ajichukulie kilicho kizuri!

"Si kweli!" akasema. Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Hakuandika hata nukta. Aliomba kuliona nikamwambia limeshachapwa, na halikuwa limechapwa. Majaribio yalikuwepo kwenye ratiba, nikayafuta kwa sababu yeye ndiye angeyasimamia. Jumanne niliambiwa ukweli kule Katwe, yeye amesimama hatua tano kutoka kwangu, nikamficha."

"Dada," Hortense akanong'ona.

"Usiniite dada."

Mwenyekiti alimtazama Akot kwa muda. Halikuwa jicho la hasira. Lilikuwa la mtu anayesoma mstari mara ya pili. "Kwa nini ulifanya hivyo, bibi?"

"Kwa sababu ninamwonea wivu, Mheshimiwa."

Katibu, aliyekuwa akichapa kila neno tangu asubuhi, vidole vilimsimama hewani. Akamwangalia mwenyekiti, akamwangalia Akot, hajui ashike lipi.

"Samahani," akasema, "na hilo niliandike?"

"Andika," Akot akasema. "Na uandike jina langu peke yake."